Mwenye Minyiri Saba

Akili ni nywele, tunasema, kila mtu ana zake.
Basi huyu, upara mtupu toka yai,
kazipata wapi?

Bamvua la mfungo sita, mwamba wa Mgao umeanikwa,
mimi na Somoe na ndoo zetu na mikonzo,
kanga kibwebwe, viatu vya plastiki.
Hatumtafuti pweza. Pweza hatafutwi.
Tunatafuta takataka zake:
magamba ya kaa, makombe yaliyotobolewa
tundu moja, kama la sindano,
palepale penye msuli unaofunga mlango.
Mimi nafungua chaza mwaka wa arobaini huu
na bado najikata kidole.

Ukiona jaa, kuna nyumba.
Ukiona jiwe limevutwa kuziba,
mwenyewe yumo, na amekuona kabla.

Mfungo tatu nilimchoma mmoja hapa.
Akavuta, nikavuta.
Yeye alishikwa na mwamba, mimi nilishikwa na uroho.
Nikaondoka na mnyiri mmoja.

Nyumbani nikautia kwenye sufuria, nikaenda kuchota maji.
Narudi, umetoka, umeukumbatia mwiko.
Mjukuu wangu Chande akaupa kidole.
Ukakishika, kikombe baada ya kikombe, taratibu,
kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi.
"Bibi, unajua kwamba mwenyewe hayupo?"
Nikamwambia aache maswali, alete mbuzi ya nazi.
Usiku ule nazi niliikuna vibaya.

Yule binti wa idara ya uvuvi, aliyekuja na rula na daftari,
alisema akili ya pweza haikai kichwani peke yake,
imegawiwa minyiri: kila mmoja unapapasa, unaonja, unaamua,
kichwa kinapewa taarifa baadaye,
kama mume.
Tulicheka mpaka mizani ikayumba.
Akaongeza: mioyo mitatu, damu ya buluu.
Na kwamba ngisi na dome ni ukoo wake mmoja.
Ngisi humwaga wino akatoroka, karani aliyeiba;
dome hujipitishia vivuli mwilini
mpaka kaa anaduwaa, anasahau kukimbia.
Na huyu mwenye rangi kushinda duka la vitenge,
rangi zenyewe hazioni.
Hapo hatukucheka.
Somoe, ambaye siku hizi nyekundu na kahawia kwake ni mamoja
na mikeka yake bado inagombewa,
alisema tu, "Ee. Inawezekana."

Na hakuna aliyemfunda.
Mamaye huyalinda mayai, hali, anayapepea maji,
yakianguliwa naye amekwisha.
Hana kungwi, hakuchezwa unyago.
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu:
sisi tunaitamka kama laana.
Yeye ndiyo shule yake, tena ya muda mfupi,
mwaka, na miezi kidogo.

Leo shimo lilelile.
Hapana. Amehama hatua nne.
Jaa kaliacha kwenye nyumba ya zamani,
na mlango mpya hauna hata gamba.
Ningepita, ila lile jiwe
mwani wake ulikuwa upande wa chini.
Nani amekugeuza, wee jiwe?

Nikainama. Jicho, mboni yake mstari uliolala.
Nikahesabu minyiri: saba.
Na wa nane, mfupi, mwembamba kama mkia wa mjusi,
mpya, unajifunza ukingo wa shimo.
Akanitemea maji ya puani.
Si bahati mbaya. Alilenga.

"Yumo?" Somoe akauliza.
Maji yalishaanza kurudi, yako vifundoni.
Kilo moja na nusu, nilikisia. Madaftari ya Chande. Sabuni.
"Pakavu," nikasema,
na mkono wangu wa kulia, wenye mkonzo,
ulikuwa umekwishashuka
kabla kichwa hakijapewa taarifa.